Saa Mia Mbili za Urafiki: Kwa Nini Vijana wa Mjini Wanahitaji Mlima

Muulize kijana wa miaka 26 anayeishi Kimara au Tabata, mwenye kazi na simu iliyojaa majina: mara ya mwisho ulikaa na rafiki yako saa sita mfululizo lini, bila msiba, bila harusi, bila kikao cha kamati? Wengi hunyamaza kwanza. Halafu hutaja chuo, au sekondari ya bweni, au kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Yaani jibu liko miaka mitano au sita nyuma, na tangu hapo ni kukutana kituoni, kupigana bega, "mwanangu umepotea sana", kisha "tutafutane". Hakuna anayemtafuta mwenzake.

Tumezoea kusema upweke ni ugonjwa wa Ulaya, kwamba sisi tuna undugu, tuna majirani, tuna ukoo unaojaza fuso. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 haituungi mkono. Inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na inauhusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 29, kati ya asilimia 17 na 21 walisema ni wapweke. Kinachopaswa kutushtua zaidi ni mgawanyo wa nchi: katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 24, katika nchi tajiri ni 11. Watu wa nchi maskini ni wapweke zaidi ya mara mbili ya wale wa nchi tajiri.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa sababu ya vikundi vya vijana vinavyopanda milima wikiendi, ambavyo vimeongezeka sana Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Wapo wanaoviona kama anasa ya wenye magari na kamera. Mimi naviona kama jibu ambalo vijana wamejitafutia wenyewe baada ya sisi wengine kushindwa kuwapa. Naamini pia kwamba kinachowafurahisha hasa si kilele. Mlima unawapa kitu ambacho mji umekinyang'anya kizazi chao: saa nyingi za kuwa pamoja huku kila mmoja akimhitaji mwenzake.

Tuanze na hizo saa. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika ili watu wawe marafiki. Alikadiria saa kama 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufikia urafiki kamili, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu, ule wa kumpigia mtu simu saa nane usiku. Aliona pia kwamba saa za kazini hazihesabiki sana. Unaweza kukaa meza moja na mtu miaka mitatu ofisini, na siku ukiacha kazi mkaachana kama abiria wa daladala.

Sasa piga hesabu ya mjini. Rafiki unayekutana naye saa moja kwa wiki, baa, muziki ukiwa juu na mechi ikiendelea ukutani, utahitaji karibu miaka minne kumalizana na hizo saa 200. Safari ya siku moja ya Morogoro, kutoka alfajiri hadi usiku, ni saa kumi na tano au zaidi. Siku sita za Kilimanjaro ni saa zaidi ya 80 mkiwa macho, mkila sufuria moja na kulala hema moja. Kinachokula miaka minne mjini, mlimani kinakula msimu mmoja.

Mji wetu umepangwa vibaya kwa urafiki. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na kijana anayehamia kutoka Singida au Lindi anakutana na chumba cha kupanga, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na foleni inayomrudisha nyumbani saa tatu usiku. Mahali pa kukaa na wenzake bila kununua kitu ni pachache. Kijiwe cha kahawa kipo, lakini ni cha wanaume, na wengi wao ni wakubwa. Msichana wa miaka 24 akitoka kazini ana nyumba, ana kanisa au msikiti, ana saluni, basi.

Kilichobaki ni urafiki wa michango. Hili linaniuma kulisema, kwa sababu michango ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyonayo. Inazika watu wetu na kuwaoza. Lakini angalia vikundi vya WhatsApp vya vijana waliosoma pamoja. Kikundi kinalala miezi minne, kinaamka na picha ya kadi ya harusi na namba ya kutumia pesa, kinaorodhesha waliotoa, kinalala tena. Mtu anajulikana kwa kiasi alichoahidi. Akikwama kifedha mara mbili anaanza kukwepa kufungua ujumbe, na hapo ndipo anapopotea kabisa, wakati ule ule anapowahitaji watu kuliko wakati mwingine wowote.

Wazee wetu hawakuuachia urafiki wa ujanani ujitokee wenyewe. Jamii nyingi za huku zilikuwa na marika, na rika lilijengwa nje ya nyumba, kwa jaribu lililopitiwa pamoja. Jando lilikuwa porini. Morani wa Kimasai mpaka leo huenda olpul, kambi ya mbali na boma, wakachinja, wakala nyama na supu ya mizizi kwa siku nyingi, wao kwa wao. Sisemi turudishe yote yaliyokuwemo humo. Mengine yaliumiza watu, na ni vizuri yameachwa. Nasema waliokuwa wakiyapanga walijua kwamba watu waliovumilia baridi na njaa pamoja wakiwa na miaka 18 watasimamiana wakiwa na miaka 60.

JKT ilirithi kitu hicho. Ilianzishwa 1963, mafunzo ya lazima yakasitishwa 1994 na kurejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Msikilize yeyote aliyepita Ruvu, Mafinga au Oljoro akikutana na mtu wa kombania yake. Hawasimuliani mihadhara. Wanasimuliana uji, usiku wa lindo, na mchakamchaka wa alfajiri. Mchakamchaka wenyewe una siri yake, na watafiti wa Oxford waliigusa bila kuijua. Waliwapima wapiga makasia waliofanya mazoezi kila mtu peke yake na waliofanya kwa pamoja, nguvu ile ile, muda ule ule. Waliopiga pamoja walivumilia maumivu zaidi, na watafiti wakaeleza kwamba mwili hutoa kwa wingi zaidi kemikali zake za kupunguza maumivu na kuleta raha pale watu wanapokwenda kwa mapigo mamoja. Yeyote aliyewahi kukimbia akiitikia wimbo wa kiongozi wa mchakamchaka anajua kwamba miguu huacha kuuma pale sauti zinapokutana.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia. Tulikuwa tunapanda Bondwa, juu ya mji wa Morogoro, kundi la watu ambao wengi walijuana kwa majina tu. Njia inapita kwanza kwenye migomba na mashamba ya mboga ya Waluguru, unapita Morningside penye jengo la zamani la Wajerumani, halafu unaingia msituni ambako udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katikati ya msitu, soli ya kiatu cha dada mmoja mhasibu ilibanduka yote, ikabaki imening'inia kisiginoni. Alikaa chini kwenye mzizi na uso wake ukaonyesha kwamba safari imeisha. Aliyekuwa nyuma yake ni fundi simu wa Kariakoo, kijana mkimya ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi. Akachuchumaa, akakipokea kiatu, akakiangalia kama anavyoangalia simu iliyoingia maji. Akaomba kanga. Mwenzetu mmoja akachana pindo la kanga yake bila kuuliza. Fundi akalipitisha pindo lile chini ya soli, akalivusha juu ya mguu, akalizungusha kifundoni mara mbili, akafunga fundo pembeni ili lisimsugue anapokanyaga. Mama mmoja wa Kiluguru alikuwa anashuka na mzigo wa ndizi kichwani, miguuni ana yeboyebo. Tukamwamkia, akaitikia "marahaba wanangu" bila kupunguza mwendo, akatazama kiatu, akacheka kidogo, akapita.

Kile kiatu kilifika kileleni, penye minara ya mawasiliano, na kikashuka. Lakini kilichonikaa ni mwendo wa kushuka. Wale wawili walitembea pamoja njia nzima, fundi akimshika mkono penye utelezi, na nilipokuwa karibu nao nilisikia dada akieleza jinsi baba yake alivyougua hadi kufariki. Baadaye aliniambia kwamba ofisini kwake hakuna aliyewahi kuisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake. Walikuja msibani, walitoa rambirambi, wakarudi kazini. Kutembea kuna hili: mnatazama mbele wote wawili, hakuna anayekukodolea macho, na ukimya ukiingia hauhitaji kuombewa radhi kwa sababu miguu inaendelea na kazi. Watu husema njiani mambo ambayo mezani yasingetoka.

Na miti yenyewe inasaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwatembeza watu dakika 90, baadhi penye nyasi na miti, baadhi kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita penye miti walipungukiwa na ile tabia ya kuzungusha mawazo mabaya kichwani. Lakini sitaki kuupa msitu sifa zote. Kijana wa Mgeta anapanda na kushuka Uluguru kila siku ya maisha yake na gunia mgongoni. Kama kimo kingekuwa furaha, yeye angekuwa wa kwanza kuipata.

Hilo ndilo pingamizi kubwa kwa hoja yangu, na nalichukulia kwa uzito. Nani ana nafasi ya kupanda mlima kwa hiari? Kilimanjaro kila siku kuna vijana wanaobeba mizigo ya watu wengine, wale tunaowaita wagumu, kila mmoja na mzigo unaoruhusiwa kufika kilo 20, wakipita kwa mwendo wa kasi ili wafike kambini kabla ya wageni na kusimamisha mahema. Wao wako mlimani kwa sababu ya ada za shule na kodi. Hata hivyo, ukikaa nao jioni kwenye hema la jikoni unaona wana kitu ambacho mgeni aliyelipa maelfu ya dola amekuja kukitafuta: wanajua nani anaumwa goti, nani mkewe amejifungua, nani apunguziwe mzigo kesho bila kutangaziwa. Ushirika huo umezaliwa na shida ya pamoja, sawa na ule wa kombania. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na uchaguzi. Kijana wa mjini anao uchaguzi huo kidogo, na ninachomwombea ni autumie, na wengine nao waongezwe waupate.

Maana gharama si kubwa kama picha za Instagramu zinavyofanya ionekane. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ikatangazwa kuwa shilingi 13,000, na safari ni chini ya saa mbili. Miaka michache nyuma ungeingia basi Ubungo na kuimaliza nusu ya siku barabarani. Sasa kwenda na kurudi, kibali cha msituni, kiongozi wa njia mwenyeji, na chakula, vikijumlishwa, mara nyingi havifiki mchango wa harusi moja ya mjini. Kwa Nairobi, Ngong na Longonot ziko umbali wa kwenda na kurudi siku ile ile. Longonot ina mita 2,776, na ukifika ukingoni mwa kasoko una zaidi ya kilomita saba za kuuzunguka mdomo wake, vumbi hadi masikioni. Sijaona anayeuzunguka akabaki mgeni kwa aliokwenda nao.

Hatari kubwa inatoka ndani ya vikundi vyenyewe. Vingi vilianza kama marafiki watano na sasa vina mabango, vifurushi, na fulana za lazima. Sina ugomvi na mtu kujipatia riziki. Ila nimeona makundi ya watu 60 yakipandishwa kama mifugo, wenye mapafu mbele wakiwasili, wakipiga picha na kushuka kabla wa nyuma hawajafika. Mtu mzito au anayeanza anajikuta yuko peke yake msituni na kiongozi aliyechoka kumsubiri. Amelipa ili awe mpweke mahali penye baridi zaidi. Kundi linalofaa huenda kwa mwendo wa aliye mwisho. Juu sana ni suala la uhai kabisa: Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, pumzi moja inakupa oksijeni nusu tu ya unayopata pwani, na anayekimbizwa ndiye anayeanza kutapika na kuona mawenge. Kiongozi anayesema "pole pole" kila baada ya hatua kumi anaulinda ubongo wako. Chini, kwenye vilima kama Pugu au Ngong, hakuna atakayekufa kwa haraka hiyo, lakini urafiki hautazaliwa.

Kwa wasichana kuna mlango mwingine wa kuvuka. "Porini unaenda kufanya nini, na nani?" Mzazi anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa vizuri, kwa sababu kuna vikundi ambavyo safari zake ni kisingizio cha pombe na usumbufu kwa wanawake. Niliyoyaona yakifanya kazi ni mambo ya wazi: mwanamke mmojawapo wa viongozi, orodha ya majina na namba aachiwe mtu aliyebaki mjini, safari ya siku moja kabla ya safari ya kulala, na mzazi aongee na kiongozi kwa simu kabla, kwa heshima zote. Wazazi wengi hulegea hapo. Wachache huuliza kama na wao wanaweza kuja.

Nimalizie na serikali, kwa sababu urafiki huu unahitaji ardhi ya kutembelea. Nairobi wanatembea Karura leo, hekta zipatazo 1,041 za msitu ndani ya jiji, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 Wangari Maathai na wenzake waligoma kuona ikigawiwa kwa wajenzi, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani akijaribu kupanda mti pale. Wanafunzi wa vyuo wanaokwenda huko Jumamosi na maji na mandazi wanakula matunda ya damu ile. Dar es Salaam ina Pugu-Kazimzumbwi mlangoni, upande wa Kisarawe, msitu wenye mapango na mahali pa kambi, uliowahi kuliwa vibaya na mkaa, lakini ni wakazi wachache wa jiji waliowahi kuukanyaga. Kinachokosekana ni vitu vidogo: daladala la uhakika hadi lango la msitu mwishoni mwa wiki, kiingilio nafuu kwa wanafunzi na vijana wasio na ajira, vibao vya njia, vyoo safi, askari wa misitu anayeonekana. Wizara inayohangaikia afya ya akili ya vijana na wakala unaosimamia misitu wangekaa meza moja, wangegundua kwamba wanashughulikia jambo lile lile.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Kampuni nyingi za mjini zinatumia fedha nzuri kwa sherehe ya mwisho wa mwaka hotelini, hotuba tatu na zawadi ya mfanyakazi bora. Fedha ile ingewapeleka wafanyakazi wote Sanje, kule Udzungwa, kwenye maporomoko ya mita zipatazo 170, wakalala huko na kurudi Jumapili, bosi akiwa amepokelewa begi na mhudumu.

Masika yakishaisha, kuanzia Juni, njia za Uluguru zinakauka na zinabaki nzuri hadi karibu Oktoba. Anayeanza aanzie Pugu, watu wanne hadi wanane, viatu vilivyokwisha kuvaliwa, maji lita mbili kila mtu, chakula cha kugawana. Bondwa ifuate mwezi unaofuata kwa watu wale wale, kwa sababu saa 200 hazipatikani kwa kubadilisha kundi kila wikiendi. Na yule aliyeacha kujibu ujumbe tangu mchango wa harusi ya mwisho asiandikiwe kundini. Apigiwe simu, aambiwe tiketi yake imeshakatwa.